Kiti cha Kushoto

Pigo la kwanza siku ile lilimwangukia Sadiq shingoni kabla gari halijamaliza kutoka uani. Alikuwa ameachia klachi kwa haraka, gari likaruka kama punda aliyeumwa na nzi, kisha likazima. Kipande cha kamba ya nanga chenye fundo mwishoni kiliinuka kutoka mapajani mwa baba yake, kikashuka.

"Washa tena," alisema Kamaludin.

Sadiq akawasha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na leseni mpya mfukoni. Shule ya udereva ya Malindi ilikuwa imemwambia kwamba anajua. Baba yake alisema leseni ni karatasi, na karatasi haijawahi kumfunza mtu kazi.

Kamaludin alikuwa mtu wa Mbwajumali. Maisha yake yote alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo, akipakia simiti, boriti na unga kutoka Lamu kupeleka vijiji vya Pate. Chomboni mwake baharia alifunzwa kwa kamba. Aliyefunga fundo vibaya alipigwa, na aliyechelewa kuteremsha tanga alipigwa zaidi, kwa sababu kuchelewa kwake kungeweza kuzamisha watu. Hakuna aliyelalamika, maana chombo cha Kamaludin hakikupata kuzama wala kupanda mwamba. Alipozeeka aliliuza jahazi, akahamia Mokowe upande wa bara, akanunua Probox ya kuchukulia samaki na barafu hadi Hindi na Mpeketoni. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Alikulia kisiwani, ambako mtu hutembea au hupanda punda. Dereva wa kwanza aliyemwajiri aliacha kazi bila kuaga. Wa pili aliaga, jicho lake moja likiwa limevimba.

Ndipo mkewe, Ruqaiya, akasema mtoto wao afunzwe. Na mtoto aliporudi kutoka Malindi, Kamaludin akaketi kiti cha kushoto, kamba mapajani, ili amfunze zaidi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mtu anafunzaje jambo asilolijua.

Walishika barabara ya Hindi. Lami ilikuwa nyeusi na tupu, na pande zote mbili ni vichaka na mashamba ya mikorosho. Sadiq aliendesha vizuri kwa kitambo, ila jicho lake la kushoto halikuwa barabarani. Lilikuwa kwenye mkono wa baba yake. Mkono ukijikuna, bega la Sadiq liliruka. Mkono ukitulia, alipumua.

Mbele yao mbuzi alitoka kichakani. Kamaludin ndiye aliyemwona mwanzo, lakini badala ya kufungua mdomo aliinua kamba. Sadiq aliiona kamba, hakumwona mbuzi. Akainamisha kichwa kukwepa pigo, na mguu wake ukazama kwenye mafuta badala ya breki.

Kishindo kilikuwa kizito. Pembe ilipasua taa, na mnyama akaburutwa chini ya bampa hadi gari liliposimama. Mwenye mbuzi alitoka mbio shambani akiwa na kisu mkononi, akapiga magoti, akasema bismillahi na kumchinja mnyama wake huku miguu yake ingali inarusharusha mchanga, ili nyama isiwe haramu. Damu ilitiririka kwenye lami hadi kwenye kandambili za Sadiq.

"Idi imewahi mwaka huu!" kijana mmoja aliyekuwa akipita alisema, na wenzake wakacheka.

Kamaludin hakucheka. Alimshika mwanawe kola, akamgonga na mlango wa gari, akampiga kwa kamba mgongoni, mabegani na kichwani, mpaka fundo likampasua sikio. Sadiq alijifunika uso kwa mikono, hakutoa sauti.

"Mzee," mwenye mbuzi alisema akifuta kisu kwenye nyasi, "mbuzi ni wangu, na mimi nimenyamaza. Wewe wampigia nani?"

Asubuhi iliyofuata Ruqaiya alivaa buibui lake, akaenda kwa Mzee Mselem. Huyu alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake, Mombasa hadi Garissa na kurudi, na sasa alikuwa akiziba pancha kando ya barabara pale Mokowe. Taya lake lilikuwa limepinda upande kwa ajali ya zamani, kwa hivyo hata alipokasirika alionekana kama anayetabasamu.

"Nimekuja unifunzie mwanangu," alisema Ruqaiya.

"Mwanao nilimwona jana akipita. Hana ila. Mwenye kuhitaji somo ni mumeo."

"Mume wangu hafunziki, Mzee Mselem."

"Basi, Bi Ruqaiya, tayarisha sanda. Sijui itakuwa ya nani tu."

Ruqaiya alisimama pale akilitazama tairi lililokuwa limelowekwa kwenye beseni la maji, mapovu yakitoka. "Usiku silali," alisema. "Kila wakitoka nahesabu watakaorudi. Kama si gari litakalomuua Sadiq, ni baba yake. Nifanye nini?"

Mselem akakausha mikono yake, akavaa kofia, akafuatana naye.

Kamaludin walimkuta uani akiosha damu kwenye bampa. Mselem alimsalimu, wakaulizana hali kama watu wazima, kisha akasema alilolijia.

"Nahodha, mimi nitakaa kushoto. Wewe utakaa nyuma, ujifunze namna mzazi anavyomkalisha mwanawe garini. Na hiyo kamba itabaki nyumbani."

"Mimi nimefunza wanaume kuvuka mlango wa bahari kwa kaskazi kali," alisema Kamaludin. "Wewe wafunza watu kutia pumzi mipira."

"Kweli. Lakini baharini ukimpiga baharia, chombo hakigeuki. Mwana huyu ukimpiga, gari lageuka. Hatazami ndia, Bwana Kamaludin. Atazama mkono wako. Umemfanya aendeshe kwa woga, na woga hauna mato ya kuonea."

"Toka uani kwangu."

"Nitatoka. Kesho nitarudi kuchimba kaburi."

Kamaludin alimpiga ngumi ya mdomo. Mselem alirudi hatua, akatema damu, akaonekana kutabasamu, na hilo ndilo lililomwudhi Kamaludin zaidi. Akamrukia. Wazee wawili wakaanguka mchangani, mmoja ameshika ndevu, mwingine ameshika koo, wakabiringika hadi kwenye ndoo ya maji machafu ikawamwagikia. Kofia ya Mselem ikakanyagwa. Kidole cha Kamaludin kikaumwa hadi kwenye mfupa. Sadiq alijaribu kuwatenganisha, akapigwa teke la tumbo, na hakujua ni la nani.

Ruqaiya alitoka jikoni na mchi wa kinu ameuinua kwa mikono miwili.

"Wa kwanza kuinuka namvunja mguu," alisema. "Wallahi namvunja. Mwachane mkiwa chini hapo hapo."

Wakaachana. Kila mmoja alikuwa akihema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Ruqaiya hakuushusha mchi.

"Kamaludin, nimekuvumilia mengi. Ukipigana na bahari, nimekungoja. Ukipigana na watu, nimewaomba msamaha. Lakini mwana huyu sikumzaa awe baharia wako. Ama utakaa nyuma kama alivyosema Mzee Mselem, ama nitakwenda naye kwa ndugu zangu Chundwa, na samaki wako uwabebe kichwani."

Kamaludin alitazama kidole chake kinachotoka damu. "Nitakaa nyuma," alisema mwishowe. "Lakini huyu mtu ameniuma kama mwanamke."

"Na wewe wapiga kama mmoja wao," alisema Mselem, akaokota kofia yake.

Hivyo masomo yakaanza. Mselem aliwapeleka kwanza kwenye uwanja wa mchanga ulio wazi, ambako hakukuwa na kitu cha kugonga. Kiti cha nyuma, Kamaludin aliamriwa akalie mikono yake. Alifanya hivyo, uso umemvimba kwa hasira na kwa ngumi.

"Sikiliza, Nahodha," Mselem alisema bila kugeuka. "Hatari hutajwa mapema, kwa sauti ndogo, na kwa neno moja. Ukiona mtoto mbele, sema 'mtoto'. Ukitaka asimame, sema 'breki'. Usimtaje mamake, usimtaje Ibilisi. Neno likikuchelewa, limeze. Neno lililochelewa hudhuru kuliko kimya."

"Na akikosea?"

"Mwambie asimamishe gari kando. Kisha umwambie kosa lake mkiwa mmesimama. Gari likienda hakuna hesabu ya makosa."

"Na nikiona tutakufa?"

Mselem aligeuka sasa. "Utakufa ukiwa umekalia mikono yako. Usukani una mwenyewe mmoja. Usiuguse, hata gari likielekea kaburini."

Siku zikapita. Kutoka uwanja wakaenda barabara tupu, kutoka barabara tupu wakaenda sokoni. Sadiq alijifunza kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, kuacha nafasi nyuma ya lori, na kutomwamini mtu yeyote aliye juu ya pikipiki. Lakini kila mara macho yake yaliruka kwenye kioo cha juu, kutafuta mikono ya baba yake iko wapi.

"Kioo hicho ni cha kutazamia magari," Mselem alimwambia. "Baba yako si gari. Hawezi kukugonga kutoka nyuma."

"Wewe humjui, Mzee," alijibu Sadiq, na kwa mara ya kwanza tangu mbuzi afe, akacheka.

Mwishowe Mselem alisema pancha zake zinamngoja. "Kesho kiti cha kushoto ni chako, Nahodha. Mwana yuko tayari. Wewe sijui."

Kesho yake wakapakia samaki na barafu, wakaondoka wawili. Kamaludin alikalia mikono yake bila kuambiwa. Alijitahidi, na kila alipojitahidi alizungumza kama anayemhutubia kadhi.

"Mwanangu, kule mbee, kama sikosei, yuwaya punda."

"Nimemwona, Baba."

"Basi vyema. Na nyuma ya punda, kwa maoni yangu, kuna mwenye punda."

Sadiq aliuma mdomo asicheke. Bega lake lilikuwa limetulia. Alikuwa akitazama mbali, pale barabara inapokutana na anga, kama alivyofunzwa.

Walikaribia mahali penye vibanda vya mbao, watu wanapouza mawe ya kujengea na chai. Upande wa kulia palikuwa na njia ndogo inayotoka shambani. Kutoka njia hiyo pikipiki iliingia barabarani bila kusimama, imembeba mwanamke, na kati yake na mwendeshaji, mtoto wa kike.

"Pikipiki," alisema Kamaludin. Alisema mapema, kwa sauti ndogo, neno moja.

Sadiq alikwisha kuondoa mguu kwenye mafuta. Alikanyaga breki, akaanza kulisogeza gari kushoto, ambako palikuwa na mchanga mtupu wa kutosha. Pikipiki ingepita kulia kwao. Ilikuwa bado kitambo kidogo tu.

Lakini Kamaludin aliona uso wa mtoto. Mikono yake ikatoka chini ya mapaja kabla hajajua kwamba imetoka. Maisha yake yote, alipotaka chombo kiende kushoto, alikuwa akiisukuma kana, ule mpini wa usukani wa jahazi, kwenda kulia, maana ndivyo chombo kinavyogeuzwa: kana huenda huku, jahazi likaenda kule. Mikono yake haikujua kitu kingine. Aliushika usukani, akausukuma kulia kwa nguvu zake zote, ili gari liende kushoto.

Gari likaelekea kulia, moja kwa moja kwenye pikipiki.

"Baba, acha!"

Hakuacha. Kadiri gari lilivyokwenda kulia, ndivyo alivyozidi kusukuma. Sadiq alivuta, lakini ile ilikuwa mikono iliyovuta nanga miaka mingi, ikamshinda. Mtoto kwenye pikipiki alikuwa amefungua mdomo. Sadiq aliuondoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akaurudisha nyuma, akampiga baba yake kiwiko cha uso kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mfupa wa pua ukalia. Mikono ikafunguka. Sadiq akauzungusha usukani kushoto.

Ubavu wa gari uliikwangua pikipiki, kioo chake kikaruka. Gari likaingia mchangani, likaangusha nguzo ya kibanda, likasimama na barafu yote ikamwagika mbele. Nyuma yao pikipiki ililala barabarani. Mwanamke alikuwa akipiga mayowe, mtoto akilia na goti limechunika, mwendeshaji akijikokota kuinuka. Wote watatu walikuwa hai.

Watu wa vibandani waliona kila kitu kupitia kioo cha mbele, na walichokiona ni kijana kumpiga mzee wake.

"Amempiga babake! Nimemwona kwa mato yangu!"

"Mwana laana huyu!"

Mlango wa kulia ulifunguliwa, Sadiq akavutwa nje kwa nywele. Ngumi ya kwanza ilimpata jichoni. Akaangushwa, akapigwa mateke ya mbavu. Mwendeshaji pikipiki alikuja akichechemea, akamkanyaga pajani. Mwanamume mpana, mchukuzi wa mawe, aling'oa ubao kwenye kibanda kilichoanguka.

"Jitetee!" alipiga kelele. "Sema hukumpiga!"

"Nimempiga," alisema Sadiq, mdomo umejaa mchanga.

Mwenye ubao aliitwa Bakr. Alikuwa baharia wa Kamaludin zamani, na mgongoni alikuwa na alama za ile kamba. Alimtambua mzee ndani ya gari, damu ikimchuruzika ndevuni.

"Huyu ni nahodha wangu!" aliwaambia watu. "Nimesafiri naye Pate yote. Nahodha Kamaludin hajapata kupotea ndia wala kukosea kugeuza chombo. Na mwana huyu amvunja pua!"

Ubao ukashuka.

Ndani ya gari Kamaludin alisikia maneno yale. Pua ilimwuma, lakini alikuwa na akili yake timamu. Alijua mikono yake imefanya nini. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, habari itavuka maji siku ile ile, na jioni watu wa Mbwajumali watakuwa wakiisimulia msikitini na kwenye kahawa: Nahodha Kamaludin amegeuza kombo, karibu aue mtoto. Kila aliyewahi kupigwa kwa kamba ile angecheka hadi machozi. Alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa kutosha mtu kuvunjwa mkono, na mkono ukavunjwa. Aliusikia ukivunjika.

Sadiq alipiga ukelele, na katika maisha yake yote chini ya kamba ya baba yake hakuwa amepiga ukelele mmoja.

Mlango wa kushoto ulikuwa umezibwa na nguzo. Kamaludin alipita juu ya gia na juu ya kiti cha mwanawe, akatoka kwa kichwa, akaangukia mchangani, akatambaa kati ya miguu ya watu. Akalala juu ya Sadiq. Ubao uliokuwa tayari hewani ulimpata yeye mgongoni, ukampasua kanzu na ngozi chini yake.

"Ondoka, Nahodha!" alisema Bakr kwa hofu. "Sikukusudia wewe!"

"Piga," alisema Kamaludin. "Mwenye kustahili umempata sasa."

"Nahodha, amekuvunja pua."

"Mimi ndimi naliyeshika usukani. Nalitaka kwenda kushoto, nikausukuma kulia, kama kana. Mwana alinambia niache, sikuacha." Aliinua kichwa akawatafuta mwanamke na mtoto wake. "Wewe, dada. Wewe na binti yako. Mngekuwa maiti hapa, na mimi ndimi ningewaua. Aliyewaokoa ni huyu. Hangenipiga, mngekufa."

Kisha mmoja nyuma akacheka. "Kama kana! Lahaula! Nahodha mzima!" Wengine wakacheka naye. Kamaludin aliwaacha wacheke. Mwendeshaji pikipiki alitazama chini, akaondoa mguu wake pajani mwa Sadiq kama aliyesahau kwamba ulikuwa pale. Bakr alibaki na ubao mkononi, hajui auweke wapi.

"Baba," Sadiq alisema kutoka chini yake. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. "Nimekuinulia mkono. Nipe radhi."

"Radhi unayo. Ulikuwa nayo kabla pua haijavunjika. Nyamaza sasa."

Mwanamke alimweka mtoto wake kando, akavua mtandio wa juu, akauchana vipande, akampa Kamaludin. Mwendeshaji alikwenda kuinua pikipiki yake, akajaribu kuiwasha, ikawaka.

"Zahanati si mbali," alisema. "Nitawapeleka. Lakini mzee, we utamshikilia nyuma. Kwa mkono huo hawezi kushika kitu."

Kamaludin alipiga magoti kando ya mwanawe. Alinyoosha mikono yake miwili, na Sadiq, bila kutaka, akajikunja, akafunika kichwa kwa mkono uliobaki mzima. Mikono ya Kamaludin ikasimama hewani. Akairudisha, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe, pale ambapo mwanawe angeweza kuiona yote.

"Mwanangu," alisema, "nikushike wapi pasipouma?"

Sadiq alipata tabu kupata mahali pa kumwonyesha.